Mizani na Nyaya: Habari za Njia Kuu za Umeme Kuwekwa Chini ya Usimamizi Ulio Huru

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, msomaji atakuta habari za maghala yaliyojengwa, mikopo iliyolipwa na viongozi waliotutumikia. Mimi nimeombwa niandike habari ya historia ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kuwa mbali na shamba, nayo ni jinsi njia kuu za umeme katika nchi ya Marekani zilivyotolewa katika hukumu ya wafanya biashara wa umeme na kuwekwa chini ya watu wasio na faida yao ndani yake. Nimeikubali kazi hiyo kwa furaha, kwa sababu wakulima wa ushirika wamo katika habari hii tangu mwanzo wake, na kwa sababu shauri lenyewe twalijua sisi kwa jina jingine. Sisi twaliita shauri la mizani.

Wazee wetu wa pamba walilijua vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Jimbo la Ziwa la Tanganyika ya wakati ule, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyelipa. Malalamiko yalikuwa mengi. Wakulima wale hawakuanza kwa kujenga vinu vyao vya kuchambulia pamba, maana fedha hazikuwapo. Walianza kwa kuweka wapimaji wao, watu wa kusimama kando ya mizani na kuangalia namba. Kutokana na juhudi za namna hiyo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vilichipuka vyama vya msingi vya wakulima, na kufika mwaka 1955 vyama vikuu vya jimbo lile vilikuwa vimeungana katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions.

Tuangalie jambo moja hapo kabla hatujavuka bahari. Mpimaji alipowekwa, mizani haikunyang'anywa mwenyewe. Ilibaki kuwa mali ya mnunuzi, lakini mnunuzi hakuwa tena shahidi peke yake wa neno lake. Habari ya nyaya za Marekani, kwa muda wa zaidi ya miaka sitini, ni habari ya kutafuta mpimaji wa namna hiyo.

Kazi ya umeme ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuufua, katika bwawa la maji au katika mitambo ya makaa, gesi au mafuta. Ya pili ni kuusafirisha kwa nyaya kubwa juu ya minara mirefu, kutoka mahali unapofuliwa hata karibu na mji. Ya tatu ni kuugawa kwa nyaya ndogo hata nyumbani na viwandani. Watu wengi waweza kufua, na wengi waweza kugawa, lakini ile njia ya katikati aghalabu ni moja tu, kwa kuwa ni hasara kubwa kujenga safu ya pili ya minara sambamba na ya kwanza. Aishikaye njia hiyo humshika afuaye na agawaye kwa pamoja. Na ikiwa yeye mwenyewe anafua na kugawa, basi anapoombwa njia na mtu mwingine huwa anaombwa na mshindani wake.

Katikati ya miaka ya 1930, katika kila mashamba 10 ya Marekani, shamba 1 tu hivi ndilo lililokuwa na umeme. Mijini watu walikwisha kuzoea taa na pasi za umeme; shambani mke wa mkulima alikuwa akiteka maji kwa mkono na kufua nguo kwa ubao. Makampuni ya umeme yalisema kwamba nyumba za wakulima ziko mbali mbali na hazitalipa gharama ya nguzo. Makampuni yenyewe yalikuwa yamekusanyika mikononi mwa watu wachache, kampuni juu ya kampuni, hata mnunuzi wa hisa asijue ni nani hasa amempa fedha zake. Mashuhuri katika wakubwa hao alikuwa Samuel Insull wa Chicago, ambaye himaya yake ilianguka mwaka 1932 na kupoteza akiba za watu wengi.

Tarehe 11 Mei, 1935, Rais Franklin D. Roosevelt alianzisha idara ya kupeleka umeme vijijini, iliyojulikana kwa herufi REA, chini ya mhandisi Morris L. Cooke, na mwaka uliofuata Bunge liliipa idara hiyo sheria yake. Iliaminiwa kwamba makampuni yatakuja kukopa fedha za serikali ili yaende shambani. Waliokuja kwa wingi ni wakulima. Waliunda vyama vya ushirika, kila mwanachama akitoa kiingilio cha dola chache, mara nyingi dola 5, wakapita nyumba kwa nyumba kuandikisha majirani, wakawashawishi wenye mashamba wakubali nguzo kupita bila fidia. Gharama ya njia moja ya maili, ambayo makampuni yalidai kuwa ni kubwa mno, ilishuka chini ya dola 1,000, maana mafundi wa REA walitumia nguzo za mpango mmoja na kujenga mfululizo. Mwaka 1944 riba ya mikopo ile iliwekwa kuwa asilimia 2 kwa muda wa miaka 35. Kufika katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya mashamba 9 katika kila 10 yalikuwa na umeme.

Makampuni hayakutazama hayo kwa mikono mitupu. Mahali pengine, mara waliposikia kwamba wakulima wanaandikishana, walikimbia kujenga njia fupi kupita katikati ya eneo lile, wakawachukua wateja wenye uwezo na kuwaacha waliobaki. Chama kilipokuja kupima, kilikuta eneo limekatwa vipande visivyoweza kulipa mkopo. Wakulima wa Marekani waliziita njia hizo nyaya za inda. Kila mwanachama aliyepata kuona mlanguzi akija na bei nzuri kwa wiki moja tu, wiki ile ile chama kinapofungua mnada, atafahamu bila ya kuelezwa zaidi.

Lakini nyaya za inda zilikuwa taabu ndogo. Taabu kubwa ilikuwa katika ile njia ya katikati. Vyama vilikuwa na nguzo zao za kugawia, lakini vingi havikuwa na mitambo ya kufulia. Umeme viliununua kwa jumla, ama kwa makampuni, ama kwa serikali iliyokuwa ikijenga mabwawa makubwa. Na kwa sheria ya mwaka 1944 umeme wa mabwawa kama yale ya mto Missouri ulitakiwa uuzwe kwanza kwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Haki hiyo ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Kati ya bwawa na kijiji, hata hivyo, zilisimama nyaya za kampuni.

Yafaa kusema hapa kwamba watunga sheria walikuwa wameliona jambo hilo mapema. Bunge la Marekani lilipokuwa likiitengeneza Sheria ya Nguvu za Umeme ya mwaka 1935, mswada wa kwanza ulikuwa na kifungu cha kuyalazimisha makampuni kupitisha umeme wa watu wengine, kama vile reli inavyolazimika kuchukua mzigo wa kila alipaye nauli. Kifungu hicho kiliondolewa kabla mswada haujawa sheria. Ikaachwa kwamba makampuni yapatane yenyewe kwa hiari. Tume ya serikali ilipewa kazi ya kusimamia bei za umeme uuzwao kwa jumla kutoka jimbo hata jimbo, lakini haikupewa uwezo wa kumwambia mwenye nyaya: mfungulie jirani yako. Kwa maoni yangu, kifungu kile kilichofutwa ndicho chanzo cha kesi nyingi zilizofuata.

Kesi iliyo maarufu kupita zote ilitoka katika mji mdogo sana. Elbow Lake ni mji wa jimbo la Minnesota, katika nchi ya mashamba ya ngano na maziwa madogo mengi. Umeme wake uliletwa na kampuni ya Otter Tail, yenye makao yake Fergus Falls, ambayo wakati wa kesi ilikuwa ikiuza umeme katika miji 465 ya Minnesota, North Dakota na South Dakota. Miji hiyo mingi ilikuwa midogo, na kila mmoja uliipa kampuni kibali cha miaka kadhaa. Kibali cha Elbow Lake kilipomalizika, wenyeji walikata shauri la kugawa umeme wao wenyewe. Hesabu yao ilikuwa rahisi: watanunua umeme wa jumla, hasa ule wa bei nafuu wa mabwawa ya serikali, nao utafika mjini kwa nyaya za Otter Tail, na Otter Tail italipwa ujira wa njia.

Kampuni ilikataa. Ilikataa kuwauzia umeme wa jumla, na ilikataa kupitisha umeme wa mwingine. Mji wa Hankinson katika North Dakota ulipojaribu vivyo hivyo, ulijibiwa vivyo hivyo. Miji ya Colman na Aurora ya South Dakota ilipata taabu ya namna nyingine, maana kampuni ilitumia kesi za mahakamani na masharti ya mikataba yake ya nyaya kuizuia isipate umeme kwingine. Hofu ya kampuni haikufichwa: ikiwa mji mmoja utatoka, wa pili na wa tatu itafuata, na mwisho wake kampuni itabaki na minara bila ya wateja. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Hata katika ushirika twajua uchungu wa mwanachama kuuza nje. Lakini mwanachama wa ushirika anayo kura, na watu wa Elbow Lake katika kampuni ile hawakuwa na kura.

Mji ulijenga mtambo wake mdogo wa kufulia umeme, kwa gharama ambayo isingekuwa na haja kama njia ingefunguliwa. Serikali ya Marekani nayo iliishtaki kampuni kwa sheria ya mwaka 1890 inayokataza mtu mmoja kuhodhi biashara. Kesi ilipanda hata Mahakama ya Juu, na tarehe 22 Februari, 1973, hukumu ilitolewa kwa majaji 4 dhidi ya 3. Jaji William O. Douglas aliandika kwa niaba ya waliokuwa wengi kwamba kampuni ilitumia uwezo wake juu ya nyaya ili kuua ushindani, na kwamba kuwako kwa tume ya kusimamia umeme hakuifanyi kampuni kuwa nje ya sheria ya kuhodhi. Majaji watatu waliopinga walikuwa na hoja nzito: Bunge lenyewe mwaka 1935 lilikataa kuyafanya makampuni kuwa wachukuzi wa mzigo wa kila mtu, basi mahakama yarudishaje kwa mlango wa nyuma kilichotolewa kwa mlango wa mbele?

Hukumu ya Otter Tail ilipendwa sana na vyama vya ushirika na miji midogo, lakini tusiikuze kuliko ilivyokuwa. Iliifunga kampuni moja. Kijiji kingine chenye shida ile ile kilipaswa kutafuta wakili, kungoja miaka, na kuthibitisha upya kwamba kimeonewa. Wengi hawakuwa na fedha za kungoja. Wengine walijenga mitambo na nyaya zao. Ushirika wa Basin Electric, ulioanzishwa North Dakota mwaka 1961 na vyama vingi kwa pamoja, ni mfano mkubwa wa wakulima waliochoka kuomba.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1977 tume ya zamani ilirithiwa na tume mpya, iitwayo kwa herufi FERC. Mwaka 1978 sheria iliwaruhusu wafuaji wadogo kuuza umeme kwa makampuni, na ikaonekana wazi kwamba kufua umeme si lazima iwe kazi ya kampuni moja kubwa. Mwaka 1992 Bunge likaipa FERC uwezo wa kuamuru nyaya zifunguliwe, mwombaji mmoja mmoja. Ndipo tarehe 24 Aprili, 1996, FERC ilipotoa amri yake Na. 888, ambayo iliwahusu wote kwa mara moja.

Amri hiyo yastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Kila kampuni ya umeme iliyo chini ya tume ilitakiwa kuandika na kutangaza bei na masharti ya kupita katika nyaya zake, na yenyewe ilipe bei hiyo hiyo na kufuata masharti hayo hayo inapozitumia kwa biashara yake. Amri Na. 889 iliyotolewa pamoja nayo ilitaka wafanyakazi wanaoongoza nyaya watengwe na wale wanaouza umeme, wasinong'onezane, na habari za nafasi iliyobaki katika nyaya zitangazwe katika mtandao wa kompyuta ambao kila mtu angeuona kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo mwombaji aliambiwa, "Njia imejaa," na hakuwa na namna ya kujua kama kweli imejaa au imehifadhiwa kwa ajili ya mwenyewe. Majimbo kadhaa yaliipinga amri hiyo, lakini Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2002.

Vyama vya ushirika navyo havikuachwa kando. Vingi havikuwa chini ya amri za tume kwa sababu ya mikopo yao ya serikali, lakini iliwekwa sharti la kupokezana: atakaye kupita katika nyaya za mwenzake zilizofunguliwa, naye afungue zake. Baadhi ya viongozi wa vyama walinung'unika. Nadhani sharti lilikuwa la haki. Si vizuri mtu kulia nje ya mlango wa jirani, hali wa kwake ameutia komeo.

Hata hivyo mashaka yalibaki. Mwongoza nyaya na muuza umeme walitengwa kwa ukuta, lakini wote wawili walikuwa wakilipwa mshahara na mtu mmoja. Isitoshe, umeme wenyewe hauheshimu mipaka ya mikataba. Ukiuziana umeme kutoka kaskazini hata kusini, hautapita katika waya mmoja uliotajwa kwenye karatasi. Utagawanyika katika kila njia iliyo wazi, zikiwamo nyaya za majirani ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo yule anayeangalia nyaya za kampuni moja peke yake haoni hali ilivyo. Mpimaji alitakiwa awe mtu wa nje, na pia awe na macho mapana.

Fikra ya kuunganisha uangalizi haikuwa ngeni. Tangu mwaka 1927 makampuni matatu ya Pennsylvania na New Jersey yalikuwa yameunganisha mitambo yao kwa mapatano, na kutoka mapatano hayo likakua shirika la PJM. Jambo jipya lilikuwa uhuru wa msimamizi. Katika amri Na. 888 tume iliandika kanuni 11 za kuanzisha wasimamizi wa namna hiyo, na mojawapo ya kanuni za mbele kabisa ni kwamba msimamizi na waajiriwa wake wasiwe na faida ya fedha katika biashara ya yeyote anayetumia nyaya. Amri Na. 2000, ya Desemba 1999, iliyahimiza makampuni yakabidhi uongozi wa nyaya zao kwa mashirika ya kanda, ikataja sifa nne ambazo kila shirika liwe nazo: liwe huru, liwe na eneo la kutosha, liwe na mamlaka ya kuongoza nyaya, na lijibu kwa usalama wa umeme wa kila siku.

Minara ilibaki kuwa mali ya makampuni na vyama. Walioijenga waliendelea kuitengeneza na kulipwa kwa ajili yake. Kilichohamishwa ni hukumu: nani apite, kwa zamu gani, kwa bei gani, na ni nyaya zipi zijengwe baadaye. Shirika la kwanza kutambuliwa na tume kwa mpango huo, Desemba 2001, lilikuwa MISO, lenye makao yake Carmel katika jimbo la Indiana, na leo linaangalia nyaya katika majimbo 15 ya Marekani pamoja na mkoa wa Manitoba wa Kanada. Dairyland, ushirika wa Wisconsin ulioanzishwa mwaka 1941, uliingia mwaka 2010. Entergy, kampuni kubwa ya kusini, iliingia Desemba 2013, baada ya miaka kadhaa ya kujaribu mpango wa kati, ambao kwa huo ilibaki na uongozi wa nyaya zake huku mtu wa nje akiamua maombi ya kupita. Na Otter Tail yenyewe, iliyowafungia watu wa Elbow Lake, nayo ni mwanachama wa MISO, na nyaya zake ziko chini ya uongozi huo.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Katika California msimamizi huru alianza kazi mwezi Machi 1998, akiongozwa na halmashauri ya watu 26 hivi, kila kundi la wenye maslahi likiwa na watu wake ndani. Ilipofika miaka ya 2000 na 2001, wafanya biashara, wale wa Enron wakiwa mashuhuri, waligundua namna ya kuchezea nyaya na bei. Umeme ulikatwa kwa zamu mijini, na kampuni kubwa ya Pacific Gas and Electric ikaomba kinga ya kufilisika Aprili 2001. Halmashauri ile kubwa haikuweza kuamua neno kwa haraka, maana kila mjumbe alivutia upande wake. Mwezi Januari 2001 jimbo liliiondoa na kuweka watu 5 walioteuliwa na Gavana. FERC ikasema kwamba watu wa Gavana si huru, ikaamuru waondoke; nayo mahakama ya rufani mwaka 2004 ikasema kwamba tume haina uwezo wa kuchagua halmashauri ya shirika. Basi wapimaji wenyewe waligombaniwa, kwanza na wafanya biashara, kisha na wanasiasa.

Pigo la pili lilikuja tarehe 14 Agosti, 2003. Katika jimbo la Ohio nyaya kubwa zilizolegea kwa joto ziligusa miti iliyoachwa ikue chini yake. Kengele za tahadhari katika chumba cha uongozi cha kampuni ya pale zilikuwa zimeharibika bila ya wafanyakazi kujua. Msimamizi huru wa eneo lile, yaani MISO, naye alikuwa na chombo cha kompyuta cha kutazama hali ya nyaya nzima, lakini mchana ule chombo kilikuwa kimezimwa ili kisahihishwe, na aliyekisahihisha akasahau kukirudisha kifanye kazi chenyewe. Watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Uhuru wa msimamizi haukuwa umempa macho. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2005 ilifanya kanuni za usalama wa nyaya kuwa za lazima, zenye adhabu, ambapo kabla ya hapo zilikuwa za hiari.

Zipo pia sehemu kubwa za Marekani, hasa kusini mashariki na magharibi, ambako makampuni mengi hayajakabidhi nyaya zao kwa shirika la kanda. Na kati ya waliokabidhi, ugomvi wa nani alipe gharama ya nyaya mpya haujakwisha. Lakini katika nchi ya Elbow Lake ilitokea jambo ambalo mwaka 1973 lisingesadikika. Kuanzia mwaka 2004 makampuni, vyama vya ushirika na mashirika ya miji, 11 kwa jumla, Otter Tail ikiwa mmoja wao, walishirikiana katika mpango ulioitwa CapX2020, wakajenga karibu maili 800 za nyaya kubwa kwa gharama ya dola zipatazo bilioni 2. Njia ya mwisho ilikamilika mwaka 2017. Naona kwamba walidiriki kujenga pamoja kwa sababu kila mmoja alijua kwamba funguo za njia hizo hazitakaa mfukoni mwa mwenzake.

Kwetu Afrika Mashariki safari imekuwa nyingine, maana mwenye nyaya amekuwa ni serikali. Uganda ililigawa shirika lake la umeme mwaka 2001 katika makampuni matatu, la kufua, la kusafirisha na la kugawa. Kenya iliunda kampuni ya serikali ya nyaya kubwa, KETRACO, mwaka 2008. Tanzania iliiacha TANESCO na kazi zote tatu, na kwa sheria ya mwaka 2001 ikaunda EWURA iwe mwangalizi wa bei na masharti. Kila njia ina watetezi wake, nami sitaamua kati yao hapa.

Lakini lile swali la Elbow Lake limekwisha kupiga hodi. Mwezi Desemba 2024 njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya nchini Kenya hata Singida, kupitia Namanga na Arusha, ilitiwa umeme kwa mara ya kwanza. Tangu mwaka 2022 Kenya ilikwisha kuunganishwa na Ethiopia kwa njia yenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,000. Mwaka 2025 Serikali ya Tanzania ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ambayo iko mbali na mabwawa makubwa ya kusini na ambako umeme mwingi hupotea njiani. Umeme huo hauna pa kupita ila katika nyaya za Kenya, na Kenya ina haki ya ujira wa njia. Ujira huo uwe kiasi gani, na siku nyaya zikijaa nani apishwe kwanza, ni mambo ya mapatano ya serikali. Na ushirika wa umeme wa kanda hii, wenye makao yake Addis Ababa na ulioanzishwa mwaka 2005, umeweka bodi huru ya kuyaangalia. Wajumbe wa vyama vyetu vya kaskazini wenye vinu vya kahawa na mashine za kukoboa watakapopokea ankara zao, sehemu ya kila shilingi itakuwa ni ujira huo wa njia. Itafaa wamuulize Meneja wao namba hiyo imesomwa na nani.